Tulipokimbia Maji ya Moto

Mama yangu alifika Durban na mwavuli, mfuko wa nguo na magoti mawili yaliyokataa kukunjika. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Vita kwetu Goma vilikuwa vimerudi mara ya pili, na safari ya mabasi kutoka huko mpaka huku ilikuwa imemmaliza. Tuliishi chumba kimoja karibu na Albert Park, mimi, mume wangu na yeye, tumekigawa kwa pazia. Kila asubuhi ya Juni nilimsikia nyuma ya pazia akijaribu kusimama. Hakupiga kelele. Aliisemesha miguu yake kwa upole, kama mtu anavyomsemesha ng'ombe mkaidi, na mimi nilibaki kitandani nimekunja ngumi mpaka nisikie amesimama.

Kliniki walimpa vidonge, vidonge vikamharibu tumbo. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu, maji ya moto. Kwetu, kando ya ziwa, yapo maji yanayotoka ardhini yakiwa yanachemka, na mama na wanawake wa rika lake walikuwa wakienda kukaa humo kila walipomaliza kuvuna maharage. Nikimpashia maji ya birika nimkande, ananiangalia kwa huruma.

"Haya ni ya chai," anasema. "Mimi niko nataka yenye kutoka mu udongo."

Nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja upande wa Warwick. Siku moja nilimsimulia mteja wangu, mwanamke wa Kizulu aliyezaliwa bonde la Mto Tugela, habari za magoti ya mama. Akageuka ghafla hivi kwamba nilimvuta nywele. "Eish, sisi!" akaniita dada kwa Kizulu. "Kwani hujui?" Akanieleza kwamba kwao kuna maji kama hayo, kwenye korongo mbali na barabara, na kwamba bibi yake aliyafuata kila mwaka mpaka alipokufa. Wakati wake ni baridi kama hii, mto umepungua unavukika na nyoka wamelala. Alinichorea njia kwa kidole kwenye poda iliyomwagika mezani.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi mikono iliniwia mizito, na zile rasta za mwisho nilizisuka vibaya. Ni mwoga, na sioni haya kulisema, lakini woga wangu huu una historia yake.

Goma imekaa juu ya volkano. Kwenye mashimo na makorongo yetu hutoka hewa ardhini, haina rangi, na mara nyingi haina hata harufu. Tunaiita mazuku. Ni nzito, hulala chini kama maji yanavyolala kwenye beseni, hasa asubuhi na jioni kukiwa na baridi na upepo umetulia. Mtu aliyesimama anaweza kupita katikati yake imfike kiunoni asijue lolote. Anayeinama kufunga kiatu hainuki. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hufundishwa mapema kwamba halali bondeni, na akimwona mnyama amelala shimoni hamsogelei. Akilazimika kushuka, hushika moto na kuushusha mpaka magotini, na moto ukizimika anarudi juu bila kubishana na mtu.

Baba yangu alikufa hivyo. Nilikuwa sijaanza hata shule. Mbuzi wetu alikuwa ameangukia shimoni, na baba akashuka asubuhi kumfungua kamba. Nilikuwa juu, nimeshika kitenge cha mama, nikamwona anapiga magoti. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu aliyekumbuka kuomba, kisha akajilaza kwa taratibu kabisa. Walimtoa kwa ndoano iliyofungwa kwenye mti mrefu, maana hakuna aliyethubutu kumfuata.

Maji ya moto ya kule ziwani sikuwahi kuyaogopa, kwa kuwa upepo wa ziwa hauyaachi. Lakini maji ya moto yaliyo korongoni, kwenye baridi, hewa imetulia? Na humo mtu haogi kwa kusimama. Anajilaza, kichwa kinabaki usawa wa ardhi, pua palepale mazuku ilipo. Nilimwambia mume wangu hayo yote. Yeye ni wa Uvira, na watu wa Uvira wanajua samaki.

"Huku haina volkano," alisema. "Huku iko Afrika ya Kusini."

Kana kwamba ardhi nayo huulizwa uraia. Nilimnyamazia siku nzima. Lakini asubuhi iliyofuata nilimsikia mama nyuma ya pazia akiisihi ile miguu, na safari hii hakuweza kusimama mpaka nilipokwenda kumwinua. Nikasema tutakwenda. Nikanunua mshumaa.

Mrundi mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa akilinda magari pamoja na mume wangu, alituazima mkoba wa mgongoni, ule mkubwa wa wapanda milima. Tukapakia mablanketi, sufuria, unga wa mahindi, chai na sukari. Tulichukua teksi, ndizo basi ndogo za huku, kutoka Warwick, tukabadilisha nyingine kwenye mji mdogo, na ya mwisho ikatuacha mahali ambapo lami ilikuwa imekata tamaa. Kuanzia hapo ni miguu. Mikanda ya mkoba ilinikata mabega kabla hatujafika popote, na mume wangu alikuwa amebeba mablanketi na sufuria. Mama alinitazama nikihangaika, akacheka.

"Wazungu wanabeba na mabega sababu hawana shingo," akasema. "Weka mukanda ku kichwa."

Nikaupitisha mkanda kwenye paji la uso kama tunavyobeba mizigo kwetu, na kweli mzigo ukatulia. Mama alikwenda mbele yangu akichomeka mwavuli wake ardhini kama fimbo. Alikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nikitazama mitini kama kuna ndege, na popote nilipowaona nilipumua vizuri zaidi.

Kabla ya kushuka bondeni tulipita kwenye boma moja kupiga hodi, kama mteja wangu alivyonielekeza. Bibi mmoja alitoka amejifunga blanketi. Kizulu chetu kilikuwa cha sokoni, kinajua bei na asante basi. Lakini alipoyaona magoti ya mama alielewa, akamshika mikono kwa muda mrefu. Akatuonyesha njia. Kisha akatuonyesha jua lilivyoshuka, akajikumbatia akitetemeka kuigiza baridi, akalaza shavu lake juu ya kiganja na kuelekeza kidole chini, kwenye korongo. Tulale kule chini, karibu na maji. Katika mafunzo yote niliyolelewa nayo, hilo ndilo la kwanza ambalo mtu hafanyi.

Mto ulikuwa umepungua kweli, lakini haukuwa umekwisha. Katikati mama aliteleza. Mume wangu alinyoosha mkono, akaurudisha, maana kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake hivi hivi. Nikamdaka mimi, na mkoba ukaingia majini pembeni. Tulitoka ng'ambo mama amelowa mpaka kiunoni. Alisema si kitu, maji ya moto yako karibu, atakaukia humo.

Tulifika jua likiwa limeacha bonde na kubaki vileleni tu. Korongo lilikuwa jembamba, pande zote mawe na miti mikavu. Chini kabisa palikuwa na kibwawa kilichozungushiwa mawe kwa mikono ya watu, na mvuke ukitoka. Palinuka yai viza. Mvuke haukupanda. Ulitanda tu juu ya nyasi, usawa wa magoti, hautikisiki. Sikumsikia ndege hata mmoja. Na kando ya bwawa, kwenye tope lililokauka, walikuwa wamelala mbuzi. Wamelala ubavu, miguu imenyooka.

Nilimzuia mama kwa mkono, nikatoa mshumaa mkobani, mume wangu akatoa kiberiti mfukoni mwa shati. Uliwaka. Nikaanza kuushusha taratibu, kiunoni, mapajani, magotini. Ukazimika. Nikauwasha tena, mkono unanitetemeka, nikaushusha. Ukazimika.

"Tupande," nikasema.

Mume wangu alianza kusema kitu kuhusu mvuke, na upepo, na mkono wangu. Nilimgeukia kwa macho ambayo nadhani hajayasahau. Lakini aliyemnyamazisha ni mama. Alikuwa anayatazama yale maji. Alikuwa ameyafuata kwa miguu kutwa nzima, na yalikuwa pale, karibu kuliko mlango ulivyo na kitanda. Akaugeuza mwavuli wake.

"Mutoto amesema tupande," alisema. "Twende."

Sikujua alikuwa ananipa nini. Nilijua tu kwamba amenitii, na nikamshukuru Mungu.

Tulipanda mpaka juu kabisa ya ukingo, mama akiniegemea, akisimama kila baada ya hatua chache kuomba magoti yake msamaha. Giza la baridi huingia mapema. Tulipofika kileleni, mbali kule bado kulikuwa na mstari mwekundu wa jua, lakini upepo ulikuwa umeshaanza. Sijawahi kukutana na upepo wa namna hiyo. Baridi ya Durban ni ya kuigiza, unavaa sweta ili uonekane. Hii ilipita kwenye mablanketi kana kwamba hayapo. Tulikusanya kinyesi cha ng'ombe na vijiti, lakini kila njiti ya kiberiti ilikufa kabla haijashika kitu. Nilimvua mama kitenge kilicholowa, nikamvika suruali ya mume wangu, tukamweka katikati. Miguu yake ilikuwa baridi kama vyuma vya dirisha. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, na mimi nilimkumbatia nikirudia moyoni kwamba angalau tuko juu.

Kisha akaacha kutetemeka.

Nilifurahi. Huo ndio ujinga wangu, nilifurahi. Nikamuuliza, "Mama, unasikia nafuu?"

"Siko nasikia tena baridi," akasema. Sauti yake ilikuwa imelewa. Akaanza kulisukuma blanketi. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akaniuliza kama nimeshaanika maharage.

Mume wangu aliinuka. "Mama anakufa," alisema. "Anakufa hapa juu, penye wewe ulitupandisha."

Nilimtukana. Nilimwambia kule chini ni kifo, kwamba yeye hakumwona mtu akipiga magoti na kulala, kwamba mshumaa umesema mara mbili. Nilipiga kelele zote hizo, na wakati huohuo mkono wangu ulikuwa juu ya kifua cha mama, na kifua kilikuwa kinapanda kwa uvivu. Nikaelewa kwamba ninachagua mahali atakapofia. Hofu iliyonishika hapo sijawahi kuipata tena, hata vitani sikuipata, kwa sababu vitani hakuna aliyeniuliza kwanza.

"Mubebe," nikasema. "Mimi natangulia. Nikianguka, geuka, panda naye juu, usinishike."

"Mimi ni mukwe," alisema. Katika hali ile bado alikumbuka. Kisha akapiga magoti mbele ya mama, akampa mgongo. "Mama, unisamehe."

Nikamfunga mama mgongoni kwake kwa kitenge changu kikavu, kama tunavyofunga watoto. Hakuwa na uzito wowote. Kichwa chake kiliegemea shingo ya mkwe wake, na mkwe wake alikuwa analia kwa aibu.

Kulikuwa na mwezi mdogo. Nilishuka mbele nikishika mawe. Mshumaa sikuuamini tena, na njiti zilizobaki zilikuwa chache, kwa hiyo mshumaa nilikuwa mimi. Kadiri tulivyoshuka ndivyo upepo ulivyofifia, na kila ulipofifia niliogopa zaidi. Harufu ya yai viza ikaja. Ule mvuke ukanifika kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Nikamwambia mume wangu asimame pale alipo.

Nikaenda peke yangu mpaka kwa wale mbuzi. Huko ndiko nilikotakiwa kuinama. Nikataka, mgongo ukakataa. Nilikuwa mtu mzima, nina mume, nina kazi, na nilisimama pale nimebana pumzi nikimwona baba akipiga magoti. Nyuma yangu mume wangu aliniita kwa sauti ndogo kwamba mama ameacha kusema. Nikapiga magoti. Nikaushusha uso mpaka kidevu kikagusa tope, tope lilikuwa la uvuguvugu, nikaachia pumzi yote na kuvuta nyingine ndani.

Ilinuka vibaya. Nikavuta nyingine. Nikangoja kichwa kizunguke, nikangoja ule usingizi. Nikanyoosha mkono nikamgusa mbuzi wa karibu, na mbuzi akaruka juu akanipiga kwato begani, akalia, na kundi zima likainuka na kutawanyika kwenye mawe likinilalamikia. Walikuwa wamelala tu. Walikuwa wamejua pa kulala, kama yule bibi wa boma alivyojua. Nilicheka, nikatapika, nikamwambia mume wangu alete mama.

Tuliingia majini na nguo zetu. Mimi nilikaa mama akiwa mapajani kwangu, maji yakimfika shingoni, kichwa chake nimekiinua kwa mikono miwili juu kadiri ya nguvu zangu, kwa maana pumzi chache zilikuwa bado hazijaniaminisha. Mume wangu alikwenda kukaa juu ya jiwe ametupa mgongo, adabu zake zimemrudia. Nikawa namsikiliza mama akipumua. Muda mrefu haikutokea kitu. Kisha akaanza kutetemeka upya, kwa nguvu, maji yakamwagika pembeni, na nilijua kwamba huko kutetemeka ndiko kurudi.

"Wewe uko unanivunja shingo," alisema.

Nikalia. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilikuwa mjinga, hakukuwa na kitu hapa, mbuzi walikuwa wamelala tu, angeingia majini tangu jua likiwepo.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani bado anaota. Nikamuuliza alijua nini.

"Niko naingia mu maji ya hivi tangu niko musichana. Nilimuona mbuzi mumoja akitikisa sikio." Akavuta pumzi. "Nilijua haina mazuku."

"Sasa kwa nini ulikubali kupanda? Mama, na zile nguo za maji? Kwa nini hukusema?"

Mkono wake chini ya maji ulitafuta wangu ukaupata.

"Baba yako hakutaka kushuka," alisema. "Ile asubuhi. Alisimama pale juu, akaniambia hewa si muzuri, tungoje jua. Mimi nilitaka mbuzi wangu. Nikamwambia, shuka, uko unaogopa bule."

Nilikuwa pale asubuhi ile, nimeshika kitenge chake, na nilikuwa nimesahau kwamba walizungumza. Miaka yote nilikuwa na picha bila sauti. Nilitafuta neno la kumwambia, kwamba hakujua, kwamba mtu yeyote angesema hivyo, na kila nililolipata lilikuwa dogo.

"Tangu pale," mama alisema, "mutu akiniambia anaogopa, siwezi kumwambia ile neno. Hata nikijua. Ningekufa kule juu, lakini singekuambia."

Tulikaa. Maji yalikuwa moto mpaka kwenye mifupa. Nilimuuliza magoti yanasemaje, akasema yanauma, lakini yanauma kwa adabu. Mikono yangu ilichoka, na kichwa chake kikaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka kikakaribia usawa wa mawe. Hapo akakishtua akakiinua. Nikafikiri ni shingo. Baadaye kikashuka tena, akakiinua tena kwa nguvu, macho yamemtoka, na nikamwona alivyo.

Neno lilinijia mdomoni lenyewe, lile alilomwambia baba, lile la kila mtu kumwambia kila mtu. Nililimeza.

"Ule mushumaa uko wapi?" aliuliza.

"Kwenye mkoba, mama."

"Uwashe. Uweke chini, hapa karibu na pua yangu." Kisha akasema polepole, akiona haya, "Na mimi naogopa."

Nilimwita mume wangu. Akaja akiangalia pembeni, akaukausha utambi kwa shati lake, kwa sababu ulikuwa umeloa mtoni pamoja na mkoba na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Akawasha. Ulitema maji kidogo, ukafifia, na sote watatu tukabana pumzi. Akaushusha mpaka kwenye jiwe, kando ya shavu la mama. Mama akaugeukia, na akautazama mpaka akalala. Mimi na mume wangu tuliulinda kwa viganja mpaka ulipokwisha.